Kwa Dada Mwanaidi, Kuhusu Makala ya Uzazi wa Majira

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Nakuamkia ingawa marahaba yako siisikii tena. Wewe ndiye uliyenitia kofi siku nilipowapita wakubwa bila kuwaamkia, kwa hiyo nianze kwa adabu. Nipo nyumbani, kijijini kwetu Ulaya, huku Kilosa, likizo ya chuo, nimekaa jikoni kwako. Tatu, binti yako, anatwanga nje, tena anatwanga kwa hasira kama wewe, utadhani mahindi yamemtukana. Kila mchi ukishuka moyo wangu unaruka. Nakukumbuka mpaka mwili unauma.

Uliniita Bibi Makaratasi, basi vumilia makaratasi kidogo.

Muhula uliopita mhadhiri alitupa makala ya msomi mmoja kuhusu haki ya mwanamke kuamua azae lini na azae watoto wangapi. Hakutuuliza kama tunakubali. Alitaka tuchambue: mwandishi anaijengaje hoja yake, anaanzia wapi, anamsemesha nani. Nikasoma. Anaanza na sheria, kwamba mwili ni wa mwenye mwili. Anaingia kwenye afya, jinsi mimba zikifuatana mno zinavyomchosha mama na kumaliza damu yake. Anamalizia na taifa: mama akifa, nchi imepoteza nguvu kazi. Wenzangu wakaisifu hiyo ya mwisho, eti ndiyo yenye uzito, inakwenda na siasa yetu ya kujitegemea.

Nguvu kazi! Nilisimama darasani. Nikawaambia huyo nguvu kazi alikuwa akinisuka huku akiimba vibaya makusudi ili nicheke, na tangu mama yetu afariki alinifichia ukoko wa wali chini ya kawa nisilale njaa. Nikashindwa kuendelea. Nikatoka nje nikalia bila aibu.

Nilipotulia nikaona tundu jingine. Katika makala nzima anayemzuia mwanamke ni mumewe tu. Na kwetu je? Ulipokwenda zahanati kuomba vidonge vya uzazi wa majira, nesi alitaka mume aje. Shemeji alikwenda, kavaa kanzu yake safi, akasema mke wangu amechoka, apumzike. Aliyekataa ni mjomba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wa ukoo. Ulishamzaa Tatu na wavulana wanne, lakini watoto wa wavulana huwa wa koo za wake zao. Mimi nilikuwa shuleni, Tatu bado mdogo. "Tumebaki na tumbo moja," alisema mjomba, "nanyi mnataka kulifunga?" Ukainamisha kichwa, ukajibu, "Haya, mjomba." Vidonge hukuvichukua.

Mwaka haukuisha, uchungu wa mimba nyingine ukakushika. Wakakubeba kwa machela kuelekea hospitali ya Kilosa, mvua hainyamazi, mto umejaa, hakuna pa kuvukia. Ukafia pale ukingoni, wewe na mtoto wako. Mungu wangu, dada. Pale pale kwenye tope.

Niliyaandika hayo yote kwenye uchambuzi wangu, mhadhiri akanipa alama nzuri. Ningezichoma zote nikuone ukipepeta mchele.

Sasa sikia ya jana. Tatu amemaliza darasa la saba, kachaguliwa kwenda sekondari. Mjomba akaja na habari nyingine: amemwonea mchumba, kijana wa Magole, mkulima mzuri, ukoo unahitaji watoto. Tatu akanitazama tu. Kisha akainamisha kichwa kama ulivyoinamisha wewe.

Nikakumbuka lile swali la mhadhiri, unamsemesha nani? Ningemletea mjomba sheria, angenicheka. Ningemletea taifa, angesema hayo anayasikia kila siku kwenye mkutano wa kijiji. Nikapiga magoti, nikaanzia pale alipo yeye. "Mjomba, ukoo ulitaka watoto. Mwanaidi akaomba apumzike, tukamkatalia. Leo hatuna Mwanaidi wala huyo mtoto. Tumebaki na Tatu, bado mtoto huyu. Naye tumzike?"

Mjomba aliweka kikombe chake cha chai chini. Akavua kofia, akaiweka gotini. "Aende shule," alisema. "Mambo ya kuzaa ataamua mwenyewe akishakuwa mtu mzima." Kisha akalia, mzee mzima yule, mabega yanatikisika.

Tatu kanirukia shingoni. Majirani wakapiga vigelegele. Mimi nikakimbilia jikoni kwako kwa hasira. Kwa sababu alikubali, dada! Alikubali kwa maneno machache, chai yake haijapoa. Miaka yote tulidhani mjomba ni mwamba. Kumbe hakuna aliyemwambia kwamba ukoo ungeweza kukupoteza. Angeambiwa hivyo siku ile, na mtu yeyote, ungekuwa hai. Ungekuwa unamshonea mwanao sare za shule. Nitaishije na hilo, niambie.

Basi nikuage. Tatu nitampeleka mimi mwenyewe mpaka mlangoni mwa bweni. Na siku atakapokuwa na mume na watoto, akisema amechoka, atakayetaka kumbishia atanikuta mimi kwanza, awe mume, awe mjomba, awe nani. Hilo nakuapia.

Mungu akupe huko pumziko tulilokunyima hapa.

Mdogo wako,
Asha