Gharama Niliyoshindwa Kuitamka

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika kwenye maneno ya gharama. Karatasi ya vijana wanaotembeza wageni hapa Lushoto imeandikwa kwa Kiingereza. Mimi naigeuza iwe Kidenmaki, kwa kuwa mwezi wa saba usharika rafiki wa Denmaki utaleta kundi la wazee. Bei, ghali, nafuu, bila malipo: hayo hayakunisumbua. Misemo ndiyo migumu. Mwingereza akilalamikia bei husema imemgharimu mkono na mguu. Mdenmaki husema imemgharimu weupe wa macho. Nimeandika weupe wa macho. Kutafsiri neno kwa neno ni uvivu.

Nilipomsomea Henrik, alicheka. Tulilala chumba kimoja chuoni kwao Denmaki, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na bado anachekea puani. Yeye na mkewe Karen watakaa nasi hadi Pasaka. Yeye ni seremala, mkewe mkulima. Kiingereza chao ni cha kuombea maji tu.

Jumatano, 6 Machi

Henrik hataki kukaa bure. Leo amemfuata mke wangu, Mama Elia, kuinua matuta ya kabichi. Jembe limeteleza, limemkata kifundo cha mguu. Amejifunga kitambaa, akaendelea kulima. Anasema ni mkwaruzo.

Ana kisukari. Sipendi.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mguu umevimba, rangi yake mbaya. Anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Alitaka tungoje kesho, nimekataa. Hospitali wamemlaza.

Naogopa. Niliandika nyuma kwamba sipendi. Neno lilikuwa hafifu mno.

Ijumaa, 8 Machi, mchana

Daktari alikuja wodini asubuhi. Mama wa makamo, hana maneno mengi. Kwa heshima ya wageni alisema Kiingereza, akinitazama mimi nitafsiri. Sumu inapanda. Apasuliwe leo, kidonda kisafishwe hadi ndani. Kungoja hadi kesho kunaweza kumgharimu mguu, au maisha.

Karen alinikazia macho. Henrik pia, kutoka kitandani.

Kidenmaki kina msemo huohuo wa kugharimu maisha. Ulikuwa mdomoni. Sina kisingizio cha lugha.

Ila kule tulikolelewa sisi, mgonjwa hatajiwi kifo chake. Habari ya namna hiyo huchukuliwa nyumbani. Ndugu huketishwa, hula kwanza, kisha huambiwa na wazee wawili, si mmoja. Ndivyo baba yangu alivyotuambia habari za mama yetu. Basi nikawaambia kwamba daktari angependa kumsafisha kidonda, leo ikiwezekana, na kwamba ugonjwa unataka uangalizi.

Karen akasema mumewe hakulala usiku. Apumzike, apasuliwe kesho.

Nikamfikishia daktari.

"Kesho?" akauliza, sasa kwa Kiswahili. "Mwalimu, umewaeleza vizuri?"

"Nimewaeleza."

"Wote wawili?"

"Wote."

Akaandika kitu kwenye faili, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nimemleta Karen nyumbani aoge na ale. Amekula vizuri, amelala. Nimempigia mchungaji awe mzee wa pili. Yuko Mlola kwenye mazishi, atarudi jioni. Nangoja. Mwandiko huu ningemrudishia mwanafunzi.

Ijumaa, baadaye

Nilimweleza Mama Elia ninachongojea. Alikuwa anachambua maharage. Akaweka ungo chini.

"Mtu anaoza mguu, wewe unangoja mchungaji?"

Nikasema kuna utaratibu.

"Utaratibu wa nani? Karen ni Mshambaa? Mwamshe! Usipomwamsha wewe namwamsha mimi, nimwambie kwa vidole."

Nimemwamsha. Sikumketisha. Nilisema nikiwa nimesimama mlangoni, msemo mzima, kwa Kidenmaki safi: kungoja kunaweza kumgharimu Henrik mguu au maisha. Rangi ilimtoka usoni. Akauliza nimejua tangu lini. Nikamjibu, tangu asubuhi.

Hakuvaa viatu vyake, alivaa kandambili za Mama Elia. Tuliteremka kwenye utelezi, mimi nyuma yake. Sijawahi kuogopa mgongo wa mtu namna ile.

Wamempeleka chumba cha upasuaji bado kukiwa na mwanga. Daktari hakuniuliza kitu. Heri angeniuliza.

Jumamosi, 9 Machi

Kusafisha hakukutosha. Wamemkata mguu chini ya goti.

Nilimwuliza daktari, pembeni, kama zile saa zilifanya tofauti. Akasema hajui. Akasema hata asubuhi kidonda kilikuwa kibaya sana. Nilimwomba aseme ndiyo au hapana. "Sijui, Mwalimu. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya."

Homa haijashuka. Hajazinduka vizuri. Wanasema bado anaweza kufa.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda ibadani. Mchungaji alikuja wodini, akatuombea kwa sauti ndogo. Karen alikaa upande wa pili wa kitanda. Hakunitazama.

Henrik amefungua macho mara moja, akasema jina la mbwa waliyekuwa naye zamani.

Siwezi kula.

Jumanne, 12 Machi

Homa imeshuka kidogo. Amekunywa uji wa Mama Elia. Amejua kuhusu mguu. Karen ndiye aliyemwambia, nilikuwa nje barandani. Nilisikia kilio kimoja, kifupi.

Baadaye Karen alitoka. Aliniuliza kwa nini. Nikamweleza habari ya kuketishwa, chakula, wazee wawili. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mimi nilidhani ninasikia maneno ya daktari." Akarudi ndani.

Alhamisi, 14 Machi

Daktari amepita. Karen aliniita niingie.

Nilisimama miguuni pa kitanda. Daktari alisema kidogo kidogo, akitua kila mara, nami nikatafsiri kila kipande kama kilivyotoka. Sumu imetoka kwenye damu. Ataishi. Hilo nililisema mara mbili. Kisha daktari akasema mguu uliobaki nao haupati damu ya kutosha, na sukari isiposhikwa unaweza kukatwa.

Nilimtazama Henrik. Alikuwa ananitazama. Nikalisema, lote, mbele yake.

Akageuzia uso ukutani. Karen akamshika bega. Daktari akangoja. Nje mtu alikuwa anafagia maji ya mvua.

Kisha Henrik, akiwa bado ameelekea ukutani, akasema, "Endelea."