Kijiti cha Puani

Dada mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote. Natumai kikohozi cha mama kimepungua. Mimi mwili unaendelea vizuri, mshono umefunga, na mtoto ni wa kiume kama ulivyobashiri.

Siku niliyolazwa, kabla hata sijavua viatu, mkunga alinichomeka kijiti chenye pamba puani. Nikamwambia nimekuja na tumbo, si mafua. Alicheka, akaeleza kwamba hospitalini pale kila mjamzito anayelazwa hupimwa bakteria aitwaye stafilokoki. Watu wengi wazima huishi naye puani bila habari, ila akiingia kwenye mshono au kwa kichanga ni balaa.

Majibu yakatoka kwamba ninaye. Nikahamishiwa chumba cha peke yangu, nikapewa dawa ya kupaka puani na sabuni ya kuogea. Nilijifungua kwa upasuaji. Mtoto alilia, nikamsikia, nikaendelea kutazama taa.

Shemeji yako aliposikia neno bakteria alibaki mlangoni kama mgeni. Mama mkwe ndiye aliyembeba mtoto, na hata sasa tuko nyumbani ndiye anayelala naye. Mimi nakamua maziwa kwenye kikombe, yeye anamnywesha kwa kijiko. Anasema mtoto kachukua pua ya marehemu mumewe, hivyo anailinda isije ikapata bakteria wangu. Kila anayekuja kunipa hongera anaambiwa nimekatazwa kumgusa mwanangu mpaka nipone. Wananionea huruma sana.

Dada, hakuna aliyenikataza. Mkunga aliniambia tangu mwanzo ninawe mikono vizuri na nimnyonyeshe. Tena nilipokwenda kutolewa nyuzi nilipimwa upya, pua ikawa safi. Sijamwambia mtu. Wakijua watanipa mtoto, nami nikimtazama sisikii kitu, si furaha wala uchungu. Nimekufa ganzi. Naogopa atanitazama usoni na kulijua hilo kabla yao.

Nakuomba uje. Usinifokee, wala usiniambie nitazoea. Mwambie mama mkwe apumzike kidogo, funga mlango, unipakatishe mtoto, kisha ukae hapohapo. Nikikurudishia, mpokee bila kuuliza.

Msalimie mama, ila haya yabaki kwako. Leo nimenawa mikono tena na tena, nikaishia kuikausha tu.

Mdogo wako,
yuleyule mliyemwita Kasuku