Kodi ya Kreshi ya Inès

Jumapili, 20 Julai 2025

Sijui daftari linaanzwaje, basi naanza kama barua. Gaston mume wangu, huko Rustenburg unakolinda geti la mgodi, hujambo? Inès mwanangu, uliyelala na kiatu kimoja, hujambo? Mama Godelieve wa chumba cha pili, goti limeamkaje? Na mimi nipo. Wasiwasi wangu tu ndio haulali.

Leo nimetoa ushuhuda kanisani, kule mjini. Nikasema: kampuni ninayofagia Braamfontein inamlipia Inès kreshi, shule ya watoto wadogo, tangu mwezi huu. Bure! Watu wakapiga makofi. Mama Godelieve hakupiga. Yeye ndiye aliyemlea Inès miaka miwili, malipo yake unga tu. Lakini macho yake yamepungua. Mwezi wa tano mtoto alitoka peke yake, akakutwa kwenye robot, zile taa za barabarani, magari yanapita. Ndiyo maana nilimtoa kwake. Tulilia wote wawili.

Ijumaa, 25 Julai

Mshahara umepungua. Nimepanda kwa Naseeb wa mahesabu, pale kazini.

– Mama Inès, hajakuibia mtu. Kampuni ikikulipia kreshi, serikali inahesabu kama umepewa hela hiyo mkononi. Zamani mshahara wako ulikuwa mdogo, kodi haikukufikia. Ukijumlisha na kreshi, imekufikia.

Nikasema hela hiyo sijaishika hata siku moja.

– Inès ameila, mama. Na uji juu.

Nikacheka. Halafu nikakaa kwenye ngazi, nikalia kidogo. Kila mwezi wanakata – nauli yangu ya taksi, hivi vibasi vya hapa, ya wiki nzima na zaidi. Naseeb anasema nikiikataa kreshi, makato yataisha. Anataka jibu Jumatatu asubuhi.

Jumapili, 27 Julai

Nimemweleza Jocelyne msusi. Akanitania palepale mlangoni mwa kanisa: eish, mama shuhuda, kumbe bure yako ina mkia.

Gaston kwenye simu anasema mtoe tu, si Mama Godelieve yupo.

Mama Godelieve ameshasikia. Jioni amekuja na sahani ya ndizi.

– Mrudishe kwangu, mwanangu. Mimi serikali hainijui.

Tumecheka sana. Kisha akanimiminia chai – pembeni ya kikombe, mezani. Akaendelea kumimina. Hakuona. Nimefuta meza.

Jumatatu, 28 Julai

Bado giza. Inès amejivalia begi mwenyewe, anaimba wimbo wa kreshi, wa Kizulu, sielewi neno. Koridoni nasikia ndara za Mama Godelieve, na mkono wake unapapasa ukuta. Harufu ya uji.

Nimemwandikia Gaston: "Jana Mama Godelieve alimwaga chai, hakuiona. Makato nitayabeba, siku nyingine nitatembea kwa miguu. Lakini sitaki kuamua peke yangu. Nijibu upesi, baba Inès, Naseeb ananingoja."

Hajajibu.

Mama Godelieve anagonga, amekuja na uji, akitumaini nitamrudishia mtoto. Inès ameshika kitasa.