Mkonge wa Ulaya Niliouvika Nailoni

Mama,

Hapa Ilembo tunakula, tunalala. Mimi bado sijalia. Watu wanasema nina roho ngumu. Nimewaacha, nao wapate la kusema.

Nakuandikia kwa ajili ya mmea wako wa yuka pale mlangoni, ule uliouita mkonge wa Ulaya. Ulipotutoka mwishoni mwa Mei, ikaja baridi ya Juni na upepo wake, ikauchoma majani. Nikauonea huruma. Nikaufunika na nailoni kama mtoto anayeumwa, na maji nikawa namwaga kila asubuhi. Wiki tatu. Nilipofunua, ulinuka kama muhogo uliosahauliwa kwenye ndoo. Baridi ilichoma ncha tu, Mama. Kuoza ni kazi yangu.

Kwenye usafi wa arobaini Baba Mdogo akaja na jembe. "Binti yangu, kilichokufa kimekufa," akaniambia, halafu akakumbuka arobaini yenyewe ni ya nani, akakohoa.

Nikamjibu, "Chimba tu, Baba. Ila marehemu alisema atakayeung'oa ndiye atakayelisha ukoo mpaka mavuno."

Jembe likashuka taratibu. "Shemeji alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Nimekusingizia, Mama. Hukuwepo kukataa.

Walipotawanyika nikafanya ulivyokuwa ukifanya. Nikabonyeza shina kwa kidole gumba, kama ulivyokuwa unachagua parachichi sokoni mpaka wauzaji wanakununia. Laini. Laini. Laini. Nilikuwa nimeshafika karibu na ardhi, nikijua umekufa mara ya pili, safari hii mikononi mwangu, ndipo kidole kikagonga pagumu. Nikakata hapo, nikapaka majivu, maji nikaacha kabisa. Hakuna kazi ngumu kama kutomwagilia. Asubuhi mikono inatafuta kopo yenyewe.

Sasa ni mwezi. Leo ubavuni mwa kisiki kuna kitu cha kijani, kidogo kama ncha ya kalamu. Nimekitazama nikisubiri nifurahi. Furaha haikuja. Nikakizungushia mawe, kuku wasikiparue, nikaingia kusonga ugali. Ila nilipika wa watu wawili, na nyumbani nimebaki peke yangu. Sijui nilikuwa nahesabu nini.

Basi pumzika, Mama. Nakuahidi sitaumwagilia kwa upweke wangu. Nitaumwagilia udongo ukikauka.

Kitindamimba wako