Unga Unaochemka Bila Moto

Nyumba za Walimu, Na. 4
Jumatatu, 12 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Nasikia huko uliko bado unakanda unga kwa mikono, mashine hutaki hata kuiona. Huku tu wazima, ila mama anasumbuliwa na magoti.

Mjomba, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Haya imenishika.

Siku wakwe zangu walipokuja nyumbani mara ya kwanza, uliwaonyesha watoto beseni la unga ulioumuka, mapovu yamejaa juu. Ukawaambia, "Huu unachemka bila moto." Mimi, nimetoka chuoni juzi tu, nikakukata kauli mbele ya wageni: "Mjomba, usiwapotoshe watoto. Kuchemka ni nyuzi mia." Tena nikacheka. Ukafunika beseni, ukanawa mikono, ukaaga. Tangu hapo hujakanyaga kwetu, nami nikajifanya sijui kwa nini.

Mwezi uliopita nilikuwa naandaa somo la uchachushaji. Nikafungua kamusi kutafuta asili ya jina lake la Kizungu, "fermentation". Limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini, maana yake kuchemka. Watu wa kale waliona mapovu yale yale uliyoyaona wewe. Kwamba ni vijidudu vya hamira vinavyokula sukari na kutoa hewa, hilo limejulikana baadaye sana. Hata enzaimu, tunayoiita kimeng'enya, kwa Kigiriki ni "ndani ya chachu". Nililaza kichwa juu ya meza ya ofisi.

Darasani nikawasimulia wanafunzi kisa chote. Binti mmoja akauliza taratibu, "Mwalimu, ulimwomba radhi?" Nikageuka kufuta ubao, na somo lilikuwa halijaisha.

Jumamosi nikaenda kwa wakwe kukiri kosa. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo, wala hakuziacha. Akasema, "Tulitaka kuvunja uchumba, mwanangu. Mjomba wako alikuja kesho yake asubuhi, akatusihi tusikuchukulie vibaya. Alisema wewe bado mtoto, utakua."

Sikujua pa kuuweka uso wangu. Nimeolewa miaka sita, na miaka yote hiyo sikukupa hata salamu.

Nisamehe, mjomba. Shule zikifungwa nitakuja na mume wangu, nikuombe radhi ana kwa ana, mbele ya wote wa nyumbani kwako.

Nisalimie mkeo na binamu zangu wote. Mungu aitunze mikono yako.

Mpwa wako akupendaye, aliyechelewa kukua