Kupe wa Kaka Yako Ndani ya Kiberiti

Mama Tusa, kipenzi changu mkali,

Tunduma ni baridi, malori yamejipanga mpaka mpakani, nami sina wa kunipasha moto. Acha kulia, kaka yako yu hai.

Jana alikuwa bado anaweweseka, hata jina lake halijui. Binti wa kumbukumbu hapa hospitalini akaniuliza, "Babu, mgonjwa katoka wapi?" Nikasema Kamsamba, kule bondeni, mchunga ng'ombe. Hapa kila ugonjwa una namba yake kwenye kompyuta; papo hapo akabonyeza ya malaria. Kwake kila homa ya bondeni ni malaria!

"Wamempima, hana," nikamwambia, nikafungua kiberiti. Nilikuwa nimemhifadhi yule kupe niliyemng'oa kwapani mwa kaka yako, kavimba kama harage. Binti akaruka.

"Babu, toa hilo dude mezani!"

"Halitoki mpaka daktari alione."

Daktari akaja anacheka, kisha akaacha kucheka. Akamwambia binti afute, aandike A84, na pembeni "inashukiwa": virusi vya kupe vilivyopanda kwenye ubongo. Damu imepelekwa kupimwa. Namba nimeiandika kiganjani. Wakisema huko Itaka kwamba karogwa, waambie uchawi hauna namba kwenye kompyuta.

Leo asubuhi kafumbua macho, kanikodolea, kasema, "Wewe kizee mbaya, dada yangu bado hajakukimbia?" Nimelia mbele ya manesi, na ukimwambia mtu nitakana.

Mungu akulinde, mzuri wangu, mpaka nije nikusumbue mwenyewe.

Mzee wako