Mteremko wa Kwenye Televisheni

Ngara, Jumapili usiku

Gari lile halina uzito. Hiyo ndiyo kasoro yake. Ukibonyeza kushoto kidogo tu, linateleza kama sabuni kwenye karai, kisha linajinyoosha lenyewe. Kona hukatwa bila breki! Ukigonga mwamba, unarudishwa barabarani bila mkwaruzo. Nakiri kwamba linafurahisha.

Binti yangu Neema hataki niendelee kuendesha pikapu, kwa sababu ya macho yangu. Tulikubaliana: nikimshinda kwenye mchezo wake wa magari wa televisheni, atanyamaza; nikishindwa, nitamkabidhi ufunguo.

Nilikuwa mbele hadi mteremko wa mwisho. Hapo kidole changu kikaachia mafuta.

"Baba, mbona umeachia?"

"Tunateremka. Nichome petroli ya nini?"

"Petroli ya kwenye televisheni?" Akanipita huku akicheka.

Wakati wa vita vya Kagera niliendesha lori la kijiji chetu cha ujamaa, na petroli ilipatikana kwa kibali. Tangu hapo sijakanyaga mafuta kwenye mteremko.

Nimempa ufunguo. Kwa kweli, jioni sioni tena ukingo wa barabara, na niliogopa kusema.

Kesho ananipeleka Nyantakara. Akikanyaga mafuta tukiteremka, nitajitahidi kunyamaza.